Kwa Nini Malango Mawili ya Gamani Yana Mpini Mmoja

Haya, anayetafuna atafune taratibu, na aliyekaa mbali asogee. Mmeuliza kwa nini malango mawili ya Gamani yana mpini mmoja tu, na nyinyi si wa kwanza. Kila mgeni anayepita pale na mtumbwi wake huuliza hivyo hivyo, tena huuliza kwa hasira, kwa sababu amecheleweshwa. Jibu lipo, ila msinikatize katikati.

Zamani hizo, kabla mababu wa mababu zetu hawajazaliwa, pale Gamani hapakuwa na lango wala mlinzi. Palikuwa na tuta la udongo tu. Upande wa juu wa tuta ulipita mto wa maji matamu, ambayo watu wa Gamani waliyanywa na kumwagilia mpunga. Upande wa chini uliishia mkono wa bahari, maji ya chumvi yanayojaa na kupwa, na huko waliishi watu wa Shungi, wapika chumvi na wasuka mikeka. Watu wa juu walitaka chumvi, watu wa chini walitaka mchele, na katikati tuta limelala. Basi kila mtumbwi uliofika pale ulipakuliwa, ukafungwa kamba, ukaburutwa juu ya tuta na watu kumi wanaohema, ukashushwa upande wa pili, ukapakiwa upya. Asubuhi nzima iliishia hapo. Wanaume wa Gamani walianza kuzeeka migongo, nywele zikafuata baadaye.

Na kila mtumbwi ulioburutwa ulilikwangua tuta. Kidogo kidogo likalika, mpaka ikawa kila bamvua, zile siku chache za mwezi ambazo bahari hujaa kupita kiasi, chumvi inachungulia mashambani. Mpunga na chumvi haviivani hata kidogo. Wenye mashamba wakaanza kuwatazama wenye mitumbwi kwa jicho baya, na wenye mitumbwi wakaanza kuja na marungu.

Aliyelimaliza jambo hilo alikuwa fundi mmoja, Komora wa Jillo. Alilikata tuta, akachimba mfereji mpana wenye kona, maana aliifuata ile ile njia ya kuburutia mitumbwi, akaujengea kuta za magogo. Kila mwisho wa mfereji akatia lango la mbao nene, linalopanda na kushuka katikati ya nguzo mbili ndefu. Juu ya kila lango akalaza gogo lenye kamba na tundu. Ukichomeka mpini kwenye tundu na kuzungusha, kamba inajikunja na lango linapanda. Mtumbwi unaotoka baharini hufunguliwa lango la chini, huingia mle mferejini, na lango hushushwa nyuma yake. Kisha lango la juu hunyanyuliwa kidogo, maji matamu huingia, na mtumbwi hupanda nayo polepole hadi unalingana na mto, ukatoka ukaenda zake. Hakuna kupakua, hakuna kamba, hakuna watu kumi. Siku ya kwanza wazee walipanda na kushuka humo mara saba bila safari yoyote, wanacheka tu.

Sharti lilikuwa moja: malango yote mawili yasiwe wazi kwa wakati mmoja. Na kwa kuwa mfereji ulikuwa na kona, mlinzi wa lango hili hakuliona lango lile. Kwa hiyo Komora akaweka mwito. Aliyeshusha lango lake alipaza sauti, "Limeshuka!" Mwenzake alijibu, "Nimesikia!" ndipo akaugusa mpini wake. Pasipo mwito, hakuna kugusa. Hata Komora mwenyewe alipokuwa na homa hakuacha kuita.

Komora alipofariki aliacha mipini miwili na watoto wawili. Lango la juu lilimwendea binti yake mkubwa, Habona, mjane mwenye binti mmoja, Hawayu, na shamba la mpunga lililogusana na lango lenyewe. Lango la chini lilimwendea mdogo wake, Buya, mtu mzito wa maneno, ambaye hakujaliwa mtoto. Hawayu alipofiwa na baba yake bado ananyonya, ni Buya aliyembeba mgongoni akifungua na kufunga lango, na neno la kwanza alilolitamka mtoto yule halikuwa mama. Alisema, "Limeshuka." Habona alikuwa akiisimulia habari hiyo kila alipopata mtu wa kumsikiliza.

Miaka ikaenda. Hawayu akawa mwari, na kijana mmoja wa Shungi aitwaye Kombo akaanza kupita na chumvi mara nyingi kuliko chumvi ilivyohitajika. Sasa, kwa watu wa Gamani, mshenga hafiki kwa mama kabla hajakaa kwa mjomba. Mjomba hutoa kigoda, husikiliza, na yeye ndiye anayesema ndiyo au hapana. Kwa Hawayu asiye na baba, mjomba alikuwa ndiye kila kitu.

Washenga wa Kombo walifika siku ambayo Buya alikuwa ameenda juu ya mto kukata magogo ya kuziba ukuta, na alikuwa haji mpaka siku ya nne. Habona aliwatazama watu wale, mikeka yao mizuri, adabu yao, akaingiwa na hofu. Vipi wakiondoka wakapiga hodi nyumba nyingine? Akajiambia, Buya ni ndugu yangu, tumbo moja, atanielewa. Akawapa kigoda, akawapa ndiyo. Alikusudia kumwambia Buya mara tu atakaporudi, na wala hakuwa anajidanganya. Lakini Buya aliporudi alipita kwanza langoni kwake, akafungua mtumbwi wa watu wa Shungi, na mzee mmoja ndani yake akapunga kasia na kumwambia, "Hongera, mjomba! Tumeshapewa mke!"

Buya alishusha lango lake, akakaa juu ya gogo akiwa ameushika mpini mapajani, na mtumbwi wa watu wale ukangoja mle mferejini mpaka wakachoka kupiga kelele. Upande wa pili Habona alisubiri mwito. Hakuusikia. Alichosikia, baada ya muda mrefu, ni mpini ukigongwa kwenye nguzo mara mbili: ngo, ngo. Akajua kwamba ndugu yake ameshapata habari.

Hapo ndipo angefunga kanga vizuri, akafuata ukuta, akaenda kupiga magoti. Alijua. Usiku na mchana alijua. Lakini alikuwa dada mkubwa, na alikuwa mtoto wa Komora, na kila alipoinua mguu alijisemea, kwani nimeiba? Si nimemwozesha mtoto vizuri? Basi naye akachukua mpini wake akagonga nguzo: ngo, ngo. Wakanuniana. Miezi miwili walilinda malango yale bila neno, ngo ngo huku, ngo ngo kule, na kwa kuwa halikutokea baya, kila mmoja akaona mwito wa baba yao ulikuwa mbwembwe tu.

Siku ya harusi ikaangukia bamvua. Watu wa Shungi waliichagua makusudi, maana maji yakijaa mitumbwi hufika bila kupiga makasia sana. Bahari ilikuwa imevimba hadi imeupita mto kwa kimo. Mitumbwi ilikuwa mitano, imepambwa makuti na vivuli vya mikeka, na kwenye ule wa mbele walipanda wapiga ngoma wanne waliokusudia kusikika hadi mwisho wa mto. Mpunga wa Gamani nzima ulikuwa umeanza kuchanua. Habona alikuwa amevaa nguo aliyoozwa nayo yeye mwenyewe, anasimama langoni kwake, anaona aibu na furaha kwa pamoja.

Mtumbwi wa ngoma ukakata kona ukamjia hadi miguuni. Nyuma yake ukaja wa pili. Kwa vile vivuli vya mikeka, hakuona kitu kingine. Alisikiliza ngo ngo, lakini pale penye ngoma nne hata radi isingesikika. Njia ilikuwa moja tu, kusimamisha ngoma na kupaza sauti: "Buya, limeshuka?" Maneno mawili! Lakini kuita ni kumsemeza Buya kwanza. Wageni wanamtazama, wanawake ukingoni wanapiga vigelegele, Hawayu ndani anasubiri. Habona akahesabu moyoni muda ambao lango la chini huchukua kushuka, akaona umetosha, akachomeka mpini akazungusha.

Lango la chini lilikuwa juu. Buya alikuwa ameshaingiza mitumbwi mitatu, na wa nne ulikuwa nusu ndani nusu nje, umejaa wanawake. Bahari ilipopata mwanya huku na huku haikungoja kukaribishwa. Ilisukuma kwa nguvu hadi mtumbwi wa ngoma ukachomoza chini ya lango la Habona ukakwama hapo. Gogo likazunguka kinyumenyume, mpini ukamtoka mikononi, ukaruka, ukaenda na maji. Kule chini Buya hakuweza kushusha lango lake bila kuwaponda wanawake wale, na hadi walipotolewa mmoja mmoja, mtumbwi wao nao ulikuwa umekabwa na maji kati ya nguzo. Hakufa mtu. Hilo lisemwe. Lakini tangu asubuhi hadi alasiri bahari ilipita Gamani inavyotaka, ikaingia mto, ikaingia mifereji, ikaingia kila jaruba la mpunga, na watu wakasimama matutani na majembe mikononi hawana la kufanya.

Harusi ilifanyika. Watu walikula mchele wa mwaka uliopita. Buya alikuja, akamwekea mkono Hawayu kichwani, akaondoka bila kukaa. Baada ya siku nane mpunga wote uligeuka rangi ya majivu. Shamba la Habona, lililokuwa karibu zaidi na lango, lilipiga weupe wa chumvi juu ya udongo, na hadi leo halijaota kitu. Mnalipita kila siku mnapoenda kuoga. Ndilo tunaloliita Chumvini.

Hakuna aliyempiga Habona wala kumtukana. Mwaka ule Gamani ilikula ndizi na samaki, na ndizi tena, na alipopita kisimani wanawake walimpisha kwa heshima ile ile ya siku zote. Angeona afadhali wangemtukana. Alijua kila sahani isiyo na wali ilitoka mkononi mwake, na kwamba ilitoka kwa sababu ya maneno mawili.

Mzee wa kijiji, Maro, akaagiza mpini mpya uchongwe. Lakini mpini wa lango hauchongwi leo ukatumika kesho. Ni mti wa mkwaju, na mkwaju lazima ulazwe kwenye matope mwaka mzima, la sivyo hupasuka kwenye tundu siku ya kwanza. "Kwa sasa mtatumia huo mmoja," Maro akawaambia ndugu wawili. "Mtajua wenyewe namna ya kupeana."

Na kweli walijua. Katikati ya ukuta, pale penye kona, palikuwa na jiwe bapa. Buya akishashusha lango lake alikwenda kuuweka mpini juu ya jiwe, akarudi. Habona alikwenda akauchukua, akafungua, akafunga, akaurudisha jiweni. Hawakukutana hata mara moja. Watu wazima wawili, wana wa Komora, wanapishana kwenye jiwe! Hasira ya Buya ilikuwa imeshapoa zamani, ila hakujua aanze vipi. Na Habona hakuwa na hasira yoyote. Alikuwa na aibu, nayo humfunga mtu mdomo vibaya zaidi.

Mwezi wa kumi na moja tangu mkwaju ulazwe matopeni, siku ya mvua, ulikuja mtumbwi kutoka Shungi. Kombo alikuwa akipiga kasia peke yake kwa nguvu zote, na ndani, chini ya mkeka, alilala Hawayu. Mzaliwa wa kwanza huzaliwa kwa mama, ndiyo desturi, lakini walikuwa wamechelewa kuondoka na uchungu ulimshika njiani. Buya aliinua lango, akamwona mtoto aliyembeba mgongoni ameuma kipande cha mkeka. Mtumbwi ukaingia. Akalishusha lango haraka, akachomoa mpini.

Habona alisikia sauti ya mwanawe kabla hajauona mtumbwi. Akakimbilia kwenye jiwe, huku anateleza kwa utelezi wa mvua. Jiwe lilikuwa tupu. Mpini haupo, Buya hayupo, na chini yake mferejini Hawayu analia, "Mama! Mama, fungua!"

Ndipo ikaja sauti kutoka ng'ambo ya kona, sauti nene iliyokaa bila kazi zaidi ya mwaka.

"Limeshuka!"

Habona alifungua mdomo. Machozi yakatangulia, kisha sauti ikafuata, kubwa kuliko alivyotaka.

"Nimesikia! Nimesikia, Buya! Nilikukosea, mdogo wangu, Hawayu ni wako, nilikukosea!"

Buya akatokea kwenye kona anakimbia, mpini begani. Hakuuweka juu ya jiwe. Alilipita jiwe, akaufikisha mpini mkononi mwa dada yake, akaifunga mikono yake miwili juu ya mikono ya dada, na wakaenda pamoja hadi lango la juu. "Nilikuwa nakungoja uniite," alisema. "Nikaona tutakufa tunangojana." Wakazungusha gogo watu wawili, maji matamu yakaingia, mtumbwi ukapanda. Hawayu alijifungua mtoto wa kike ndani ya nyumba ya mama yake, kabla nguo za mtu yeyote hazijakauka. Mjomba ndiye aliyempa jina.

Wiki chache baadaye mwaka wa matope ukatimia, na Mzee Maro akaja na mpini mpya, umechongwa vizuri, umepakwa mafuta. Habona akaupokea, akaupima kwa mkono, akamtazama ndugu yake. Buya akatikisa kichwa.

"Baba Maro, tunashukuru," Habona akasema, "lakini huu haufiki langoni. Tulipokuwa na miwili kila mtu aliweza kufanya kazi bila mwenzake, na mmeona tulichofanya."

"Sasa mti wote huu tuutupe?" Maro akauliza.

"Nani katupa?" Habona akaingia nao ndani, akauelekeza mwisho wake mnene chini, akautumbukiza kwenye kinu. Kulikuwa na mpunga kidogo, wa kwanza tangu bahari ipite, uliopandwa upande wa juu ambako mvua ilikuwa imeosha udongo. Akautwanga kwa mpini ule, akaupika, na sahani ya kwanza akampelekea Buya kwa mikono miwili, mbele ya watu, akakaa naye mpaka akamaliza. Watu wazima walioona sahani ile waligeuza nyuso kando wakajifanya wamepaliwa.

Na tangu siku hiyo malango ya Gamani yana mpini mmoja. Mlinzi wa chini akishusha lango huita, wa juu huitikia, na mpini hutoka mkono kwenda mkono. Kuuweka chini ni mwiko, na lile jiwe bapa lilishang'olewa likatupwa mtoni. Ule mpini wa pili bado ni mchi. Upo kwa akina Hawayu, na kila binti wa Gamani akiposwa hutwangiwa nao mchele wa sahani ya mjomba.

Wamekuja watu na vyuma vyao, wakatuambia watatufungia mipini miwili bure ili kazi iende haraka. Tukawapa chai wakaondoka. Maana walinzi ni watu, na watu hununa. Juzi tu hawa wawili wa sasa walikosana kwa sababu ya kuku, na mitumbwi minne ikakaa mle mferejini tangu asubuhi hadi jua likapinda. Hakuna aliyewauliza habari za kuku. Abiria walisimama wote mitumbwini, wenye chumvi na wenye mchele, wakawa wanapiga kelele neno moja tu ambalo hata mtoto wa Gamani analijua: "Semezaneni! Semezaneni, tupite!"